Kicheko Sebuleni kwa Moinahalima

Mwaka ule ndege zilipowarudisha Wakomoro waliosalimika na mauaji ya mji wa Majunga, katika kisiwa cha jirani, Tadjidine alishuka Moroni akiwa na mke wake Bahia, shati alilovaa, na basi. Watu wa mji waliwapokea vizuri. Waliwapa wali, waliwapa mikeka, wakawapa na jina, Wasabena, kwa jina la shirika la ndege zilizowaleta. Kisha kila mtu akawauliza swali lilelile: "Kule ulikuwa ukifanya kazi gani?" Mwanzoni waliuliza kwa huruma. Baadaye waliuliza kwa uchovu, maana waliokuja walikuwa wengi, na serikali ya wakati ule ilikuwa imewafukuza kazi hata makarani wake yenyewe.

Ukweli ni kwamba kule Majunga Tadjidine alikuwa mpiga nta. Alifanya kazi nyumbani kwa daktari Mfaransa, na kuanzia asubuhi hadi adhuhuri alikuwa amepiga magoti, akisugua sakafu za mbao mpaka ziakisi miguu ya meza. Alizijua mbao zile kwa rangi, kwa harufu, na kwa mahali panapolia ukipakanyaga. Chini yake hakuwahi kupaona.

Siku moja, kwenye bandari ya zamani, mzee mmoja alimuuliza swali lile, na kabla Tadjidine hajajibu, mzee akaanza kugeuka aende zake. Tadjidine akasema haraka, "Nilikuwa fundi wa sakafu za mbao."

Mzee akasimama. "Fundi?"

"Ndiyo. Fundi."

Bahia alikuwa pembeni na kapu lake. Alimtazama mumewe, akainamisha macho.

Kwa muda uwongo ule haukumdai chochote. Moroni nani alikuwa na sakafu ya mbao? Tadjidine alibeba magunia pale bandarini, yaliyoteremshwa kutoka meli zilizotia nanga mbali, na watu wakawa wanamwita fundi kwa heshima tu, kama anavyoitwa mtu aliyewahi kuwa kitu mahali pengine.

Kisha, Mei ya mwaka 1978, mamluki wa Kizungu wakaja kwa bahari, na mji ulipoamka serikali ya vijana ilikuwa imeanguka. Wengi walishangilia. Harusi kubwa, zile serikali ilizokuwa imezipiga marufuku kwa kusema zinafilisi watu, zikarudi kwa kishindo. Familia zilizosubiri miaka zilitaka kuoza mabinti zao mara moja, kabla mambo hayajageuka tena. Barabarani zikapita jipu za kijeshi zenye askari wa gadi ya rais waliovaa nguo nyeusi, na mbele ameketi Mzungu. Watu walizipisha, na zikishapita waliendelea na habari za harusi.

Moinahalima alikuwa mmoja wa waliosubiri. Alikuwa mjane wa mtaa wa zamani, mwanamke wa maneno machache, mwenye binti mmoja, Chamsia. Kwa mila ya kisiwa hiki cha Ngazidja nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayeingia. Kwa hiyo tangu Chamsia anatambaa, mama yake alikuwa akimjengea, jiwe baada ya jiwe, mwaka mwingine ukuta, mwaka mwingine dirisha. Bwana harusi, Dhoihir, alikuwa mtunza ghala katika kambi ya gadi. Ilibaki sebule tu. Na kwa sebule ile Moinahalima alikuwa na nia yake. Utotoni alifuatana na mama yake, aliyekuwa mshonaji, hadi nyumba ya mkulima mmoja wa Kifaransa, akaona sakafu ya mbao, akatembea juu yake bila viatu. Hakuisahau. Binamu yake wa huko mlimani Karthala alikuwa amemkatia miti ya takamaka na kuipasua mbao. Kilichokosekana kilikuwa fundi.

Alipomwita, Tadjidine angeweza kukataa. Angeweza kusema mgongo unamuuma. Alikwenda, akavua viatu, akasimama katikati ya chumba kitupu, mikono nyuma, kama alivyokuwa akiona mafundi wa daktari wakisimama.

"Chini ya chumba hiki kuna tangi la maji ya mvua," Moinahalima alimwambia. Nyumba nyingi za Moroni ziko hivyo, kwa kuwa kisiwa hakina mito. "Mbao hazitadhurika?"

Tadjidine alitazama zege. Katikati lilikuwa na weusi, kama nguo iliyoanikwa ikaanuliwa mapema. Aliinama, akaweka kiganja. Palikuwa na ubaridi. Hakujua ubaridi ule una maana gani, na huo ndio wakati ambao angeweza kusema hajui.

"Usijali, Mama," akasema. "Majunga tulikuwa tukizitandika hata kando ya bahari. Zege likishafunikwa hukauka lenyewe."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Alianza kazi. Zege halikuwa sawa. Maji aliyomwaga karibu na mlango yalikimbilia katikati na kutuama huko. Alipolaza mirunda ya kupigilia mbao, mingine ilining'inia hewani, ukiikanyaga inacheza. Aliingiza vibao chini yake, na vibao vilipokwisha alikunja maboksi ya maziwa ya kopo na kuyasokomeza, mpaka mirunda ikatulia. Hakutandika kitu cha kuzuia unyevu, kwa sababu hakujua kama kuna kitu hicho. Mbao zenyewe zilikuwa bado nzito, zinanuka utomvu. Alizipanga moja baada ya moja, akazigonga zikabanana, akazisukuma hadi zikagusa kuta pande zote, maana aliona hivyo ndivyo panavyopendeza. Kila usiku alirudi nyumbani akiogopa kwamba kesho mtu atamuuliza jambo. Hakuna aliyeuliza.

Ndipo akafika kwenye kazi aliyoijua. Alipiga magoti akapaka nta, akasugua, akapaka tena. Sakafu ya takamaka ikatoka nyekundu, ina mistari kama hariri, na dirisha likaonekana ndani yake. Wanawake wa mtaa walikuja kuitazama, wakasimama mlangoni wakiogopa kuingia. Moinahalima alivua viatu akatembea mpaka ukuta wa pili na kurudi, na alipofika mlangoni macho yalikuwa yamemjaa maji. Tadjidine aliona. Baadaye, kati ya yote, hilo lilikuwa moja ya mambo asiyoweza kuyafikiria bila kufumba macho.

Kwa miezi kadhaa alikuwa mtu. Msikitini alisogezewa nafasi. Familia mbili zilimpa ahadi za kazi. Alianza kutembea taratibu, na wakati mwingine alipozungumza juu ya Majunga alijisikia kana kwamba kweli alikuwa fundi kule na aliyepiga magoti alikuwa mtu mwingine.

Harusi ilikuwa ifanyike kiangazi, lakini nyanya yake Dhoihir akafa, ikasogezwa mbele hadi matanga yaishe. Ikaangukia msimu wa mvua. Mvua ikanyesha, mabati yakamwaga maji, tangi likajaa mpaka juu.

Karibu na siku yenyewe Moinahalima alimtumia ujumbe. "Sakafu inalia," alimwambia alipofika. Tadjidine aliingia, akaona. Katikati ya chumba mbao zilikuwa zimeinuka, zimefanya tuta kutoka mlangoni hadi dirishani. Alikanyaga tuta, likashuka, likainuka pembeni. Hakuhitaji kuwa fundi ili ajue kwamba jambo limeharibika.

"Ni nini hiki?" Moinahalima aliuliza.

"Mbao zinaizoea nyumba, Mama. Nitaongeza misumari. Wewe tandika zulia."

Aliongeza misumari. Nyumbani Bahia alimuuliza imekuwaje, naye akamweleza, kwa sababu kwake yeye hakuwa na haja ya kudanganya.

"Mwambie," Bahia alisema. "Bado mapema. Watu wataketishwa uani, watafunga turubai, basi."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba wewe ulikuwa mpiga nta."

Hakwenda kumwambia.

Siku ya harusi, bwana harusi aliletwa kwa maandamano, mashairi na manukato, wakubwa wa mji wamevaa majoho. Sebule ilijaa. Tadjidine alikuwa amealikwa, akapewa nafasi karibu na mlango, ndani ya kanzu mpya. Alikuwa akilitazama zulia tu. Chini yake tuta lilionekana ukilijua, na yeye alilijua.

Dhoihir alikuwa amemwalika mkubwa wake wa kambini, kapteni mmoja wa mamluki, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Alipofika, wote walikuwa wamevua viatu. Yeye aliingia na buti zake, na katika umati wote ule hakutokea mtu wa kumwambia. Alivuka mlango akitabasamu, akielekea alikoketi bwana harusi, na kisigino chake kikakamatwa na tuta. Akaanguka kwa goti. Wakati huohuo, chini ya zulia, ubao mmoja ulichomoka kwenye misumari yake na kupasuka, paa!

Mlio ule ulikuwa wa bunduki kabisa. Mkono wa kapteni ulikuwa umeshafika kiunoni. Watu waliganda. Mshairi alinyamaza katikati ya ubeti. Kila mtu chumbani alijua habari za watu waliopelekwa kule kambini, na hakuna aliyejua mtu huyu akikasirika huishia wapi.

Kapteni alifunua zulia kwa ncha ya buti. Ubao ulikuwa umesimama wima kama jino, na chini yake, kwenye zege lililolowa, lilionekana boksi la maziwa, limekunjwa, limeoza, picha ya ng'ombe bado inatambulika. Alilitazama. Kisha akacheka.

"Nilidhani naviziwa," akasema kwa Kifaransa. "Kumbe ni nyumba tu!"

Mtu mmoja mbele akacheka. Mwingine akamfuata. Kicheko kikapita safu kwa safu, cha watu walioogopa na sasa wamepewa ruhusa ya kupumua, kikapanda, kikajaa sebule. Waliilalia mikeka kwa kucheka. Na Tadjidine alicheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, meno yote nje, mpaka jirani yake akamtazama. Hakujua kicheko kile kinatoka wapi. Alipoinua macho alimwona Moinahalima kwenye mlango wa ndani, ameshika chetezo cha udi. Hakuwa akimtazama kapteni, wala ubao. Alikuwa akimtazama yeye.

Kisha akageuka, akaendelea kuhudumia wageni. Harusi iliendelea hadi mwisho na kila kilichopaswa kufanywa kilifanywa.

Hakuna aliyemwita Tadjidine kwa kadhi, wala kumpiga. Moinahalima hakumtumia hata ujumbe. Familia zile mbili ziliacha kumsalimia. Watoto mtaani walikuwa wakipiga kelele "paa!" na kuanguka kwa goti, na mchezo ule wakauita bunduki ya Moinahalima. Mama aliyejenga maisha yake yote, jina lake likawa la mchezo. Tadjidine aliposikia alibadilisha njia. Zilipokwisha njia, alimwambia Bahia wahamie Mutsamudu, kisiwa cha Anzuani.

"Nenda," Bahia alisema. "Mimi sikucheka. Kwa nini nihame?"

Naye akapanda mlimani hadi kijiji cha Mvouni kukaa kwa shangazi yake, na Tadjidine akaenda Anzuani peke yake kwa boti ya mizigo.

Mutsamudu ni mji wa vichochoro, nyumba za mawe zimeegemeana, na humo fundi Fakih alikuwa na karakana yake ya useremala. Alikuwa mtu mnene, mpenda soga. "Unajua kazi gani?" aliuliza.

"Najua kupiga nta," Tadjidine alisema. "Mbao sizijui."

Fakih alizoea watu wanaojisifu, akashangaa kidogo, akampa rundo la misumari iliyopinda ainyoshe. Hivyo ndivyo alivyoanza useremala, mtu mzima mwenye mvi. Mwaka wa pili walipewa kazi ya kutengeneza sakafu ya juu katika nyumba ya zamani. Boriti zilikuwa zimeliwa na mchwa pale zinapoingia ukutani, na chumba chote kimelala upande. Fakih alitumia muda mwingi zaidi chini kuliko juu, akigonga, akichokonoa, akibadilisha. Mbao zilipowekwa mwishoni, Tadjidine aliona Fakih anaacha mwanya wa kidole kati ya ubao na ukuta.

"Huu wa nini?"

"Ubao hunywa maji na kuvimba. Ukiubana kila upande, utakwenda wapi? Utapanda juu," Fakih alisema, kama mtu anayesema kwamba chai ni moto.

Tadjidine aliweka nyundo chini, akashuka ngazi, akatoka nje, akasimama kichochoroni ameelekea ukuta. Fakih alidhani ni tumbo.

Siku nyingine alikuja karakanani mfanyabiashara kutoka Moroni, mtu wa hadithi. Alihadithia ile ya kapteni na ubao. Aliipamba: kapteni alikuwa ametoa bastola, bibi harusi amezimia, kwenye boksi la maziwa alikuwa amelala panya. Karakana nzima ilicheka, na Fakih akajifuta machozi. Tadjidine aliendelea kusukuma randa. "Na kuliko wote," yule mtu alimalizia, "aliyecheka zaidi ni fundi mwenyewe!"

Randa ilisimama. Fakih aliona. Alitazama mikono ya Tadjidine, kisha uso wake, na kicheko kikamwishia polepole.

"Wanangu, rudini kazini," akasema. Mgeni alipoondoka, alimletea Tadjidine maji ya kunywa. Hakumuuliza kitu, siku ile wala baadaye, na Tadjidine aliona huruma ile ni nzito kuliko tusi.

Bahia alimfuata baada ya Ramadhani ya mwaka uliofuata. Aliketi kwenye kitanda cha kamba, akafungua kanga, akatoa mikate ya ndizi aliyoioka mwenyewe.

"Siku hizi huwa ninakwenda kwa mama yake Chamsia," alisema.

"Kufanya nini?"

"Nilikwenda kumwomba radhi. Nani mwingine angekwenda? Sasa tunatwanga viungo pamoja." Alimpa mkate. "Sakafu iko vilevile. Hajaigusa. Wanapita kando ya ukuta. Wakimwambia aing'oe, anasema ina mwenyewe."

Tadjidine hakula ule mkate. Alirudi Moroni na boti aliyorudi nayo mkewe.

Alimkuta Moinahalima barazani akichambua mchele. Alikuwa amezeeka. Tadjidine alisimama chini, kwenye jua, akayasema yote kwa mfululizo, maana alijua akituliza ulimi hataendelea: kwamba Majunga alikuwa mpiga nta, kwamba hakuwahi kutandika ubao hata mmoja, kwamba alipoona tuta alijua, kwamba Bahia alimwambia aseme na hakusema.

"Hayo niliyajua," Moinahalima alisema bila kuinua macho. "Siku ya pili tu. Nilikuona unavyoitazama nyundo. Nikasema, huyu ametoka kwenye damu, hana kitu, atajifunza juu ya nyumba yangu. Nilikuacha. Kosa hilo nusu ni langu."

Tadjidine hakuwa ametegemea hayo.

"Ila ulicheka," Moinahalima akasema.

"Nilicheka, Mama."

"Wale wengine walimwogopa Mzungu. Nawajua, ni watu wa mji huu, tangu waingie wale mamluki kila mtu anacheka wanapocheka. Lakini wewe ulikuwa unajua nilivyoipenda. Uliniona siku ile." Alichagua kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Hicho kicheko sijui nikiweke wapi. Ukiniuliza kama nimekusamehe sakafu, nimekusamehe. Hicho bado."

Tadjidine aliomba ruhusa ya kuing'oa sakafu, akapewa. Aling'oa ubao mmoja mmoja kwa mikono yake mwenyewe, mlango wazi, na wapita njia wakisimama kutazama. Alitoa mirunda iliyooza, akatoa maboksi yake mwenyewe, akayabeba nje mchana kweupe mbele ya watoto, ambao walikuwa wamekua na hawakukumbuka tena mchezo ule. Kwa mbao nzuri alimtengenezea Chamsia kabati na kitanda cha mtoto. Sebule ikamwagwa saruji nyekundu, kama za majirani. Moinahalima aliitazama, akasema imekaa vizuri. Hakuvua viatu.

Tadjidine alibaki Moroni akifanya useremala mdogomdogo, madirisha, viti, milango ya jikoni. Akiitwa fundi alikuwa akisema, "Tadjidine tu." Kila Idi alikwenda kumsalimia Moinahalima. Alikuwa akifika hadi ngazi ya baraza, anatoa salamu, anajibiwa, anapewa sahani ya vitu vitamu ampelekee mkewe, anaondoka. Ikapita miaka hivyo. Mamluki bado walikuwapo, jipu zao bado zinapita.

Idi moja mvua ilikuwa inapiga. Tadjidine alisimama palepale kwenye ngazi, kanzu imemganda mwilini, akatoa salamu. Ndani kulikuwa na watu, Dhoihir na ndugu zake, wanasimuliana jambo na kucheka. Moinahalima alitoka na sahani mkononi.

"Unalowa," akasema.

"Si kitu, Mama."

"Ingia ndani."

Alivua viatu, akaingia. Vicheko vilipungua alipotokea, kisha vikaendelea. Moinahalima alimwonyesha mahali, si karibu na mlango, katikati, akamwekea sahani mbele. Tadjidine aliketi alipoonyeshwa, maji yakimtiririka hadi kwenye saruji. Hakujua kama amesamehewa au ni mvua tu, na hakuthubutu kuuliza. Alichukua kipande cha mkate, akakitia mdomoni, akatafuna polepole, macho chini.